Nimepaka silikoni mara tatu, siti bado inalowa

Mvua zikianza, barua za wasomaji kuhusu betri na rejeta hupungua, za maji kuvuja ndani ya gari huongezeka. Safari hii nimezipanga mezani nikakuta tano zinalilia kitu kimoja: madirisha ya kuslaidi ya pikapu na malori ya zamani. Naanza na ndefu kuliko zote, kwa sababu aliyeiandika amefanya makosa ambayo na mimi niliyafanya, tena kwa mpangilio uleule.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina pikapu ya kabini moja ya mwaka 1987. Dirisha la nyuma ni la kuslaidi, lina vioo vinne: viwili vya pembeni vimekaa, viwili vya katikati vinafunguka. Kila mvua ikinyesha maji yanaingia nyuma ya siti. Nilipaka silikoni kwa nje kuzunguka fremu yote. Mvua iliyofuata yakapungua, halafu yakarudi. Nikapaka tena, safari hii nikaziba hata vitobo vidogo vilivyoko chini ya fremu, maana niliona ndipo maji yanapopitia. Yakazidi! Mara ya tatu nikapaka kwa ndani. Sasa nikifunga breki nayasikia maji yakicheza ndani ya fremu, chwa chwa, kisha yananimwagikia mgongoni. Mke wangu amekataa kupanda. Je, nibadilishe dirisha zima?
Mgongo Umelowa

JIBU: Marahaba, Mgongo Umelowa. Dirisha usilibadilishe. Na huyo mama ana haki, asipande kwanza.

Hiyo chwa chwa imenieleza mengi kuliko barua nzima. Reli ya chini ya dirisha lako, ule mfereji ambao kioo kinatelezea, imekuwa karai. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, yanakaa yakikusubiri ufunge breki. Aliyeyafungia mlango ni wewe: vile vitobo ulivyovijaza silikoni ndivyo vilivyokuwa vinakuokoa. Ulichokiona siku ile hakikuwa maji yanayoingia. Yalikuwa yanatoka.

Tuelewane kwanza lilivyoundwa. Kioo cha mbele ya gari hakitembei, kwa hiyo kinaweza kubanwa pande zote mpaka tone lisipite. Kioo cha kuslaidi kikibanwa hivyo hakisogei. Aliyekichora alilijua hilo, akakubali tangu mwanzo kwamba maji kidogo yatapenya kati ya kioo na manyoya ya reli, yale malaini yanayokishika kioo kisicheze, yashuke mpaka chini, na huko akayatobolea njia: vitundu viwili au vitatu, mara nyingi vya milimita 3 hadi 5, kwenye ukuta wa nje wa reli. Kwenye madirisha mengi ukichungulia utaona pia ukuta wa ndani umepanda juu kidogo kuliko wa nje. Hiyo si kasoro ya kiwandani. Reli ikielemewa, maji yamwagikie nje kwanza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi mafundi tukaichukua methali hiyo pamoja na mrija wa silikoni tukaanza kuziba kila kinachoonekana. Kwa dirisha la namna hii kuna ufa ambao ukiuziba ndipo utakapojenga ukuta kweli, maana bati lote la chini litakuwa limeliwa na kutu.

Sikucheki. Mwaka wangu wa kwanza gereji nilikabidhiwa lori la mizigo lenye madirisha ya kuslaidi milangoni. Nikaziba kila mahali, nikalainisha kwa kidole nilichokichovya kwenye maji ya sabuni, kazi ikatoka nadhifu kiasi cha kuwaita wenzangu waje waone. Siku mbili baadaye dereva akarudi, suruali imelowa kuanzia mapajani. Mzee aliyekuwa akinifundisha hakunifokea. Alichota maji kwa kikombe cha bati, akayamimina taratibu kwenye reli, akaniuliza: "Yametokea wapi?" Tukasimama tunatazama. Hayakutokea. Akamimina kikombe cha pili, reli ikafurika, maji yakashukia kwenye kiatu changu. "Haya," akasema, "yamekutafuta mwenyewe." Kikombe kile ninacho mpaka leo, mpini umekatika, kinakaa kwenye boksi la spana. Ndicho kipimo changu cha kwanza kwa kila dirisha la kuslaidi kabla sijagusa bisibisi.

Sasa kazi. Silikoni yote itoke. Ile iliyokwisha kukauka haiyeyuki kwa petroli wala tina. Ni ya kukatwa na kukwanguliwa. Kwenye kioo tumia wembe, kwenye rangi na raba tumia plastiki ngumu au kijiti cha mbao ulichokichonga ncha bapa. Msasa usiukimbilie, utaisambaza tu iwe utando usioonekana kwa macho, na juu ya utando huo hakuna kinachoshika: si rangi, si gundi, hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Kama ni ile inayonuka siki wakati wa kukauka, ongeza bidii. Kinachonuka ni asidi ya siki kweli, na ikigusa bati lisilo na rangi hulianzishia kutu palepale ulipodhani umelilinda.

Vitundu vizibue kwa waya mwembamba, au kwa ule uzi mnene wa nailoni wa mashine ya kufyekea majani. Mimi napendelea uzi kwa sababu haukwaruzi alumini. Drili iache ilipo. Kioo cha dirisha lako ni cha aina iliyopashwa moto mkali kiwandani kisha ikapozwa ghafla ili iwe ngumu. Usoni kinastahimili ngumi, lakini ukingo wake ukiguswa na ncha ya drili kinasambaratika chote kwa mpigo, unabaki na changarawe mikononi. Ndani ya vitundu hutakuta silikoni peke yake. Utakuta vumbi lililoshikana na manyoya ya raba, majani, mabawa ya wadudu, vyote vimegeuka udongo mweusi. Sukuma, vuta, mimina maji, rudia. Kisha kikombe. Mimina polepole, maji yaanze kutoka kwa nje kabla hujamaliza kumimina. Yakikawia, udongo bado upo.

Magari mengi hupona hapo. Lako likipona, ruka uende barua ya pili.

Lisipopona, tafuta mahali kabla hujatafuta dawa. Toa siti au ilaze mbele, bandua na ile karatasi ngumu inayofunika bati la nyuma, kausha kila kitu kwa kitambaa. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine awe nje na mpira wa maji usiofungwa kichwa chochote, maji yatiririke tu kama ya bombani. Mashine ya kuoshea magari usiilete, hiyo husukuma maji hata mahali ambapo mvua haifiki, nawe utahangaika na tundu lisilo na kosa. Anzia chini kabisa, kwenye ukingo wa chini wa raba kubwa inayoshika fremu kwenye bodi, ukae hapo dakika 5 kamili ukitazama saa. Halafu pembe za chini. Halafu pale vioo vinapokutana katikati. Halafu juu. Ukianzia juu, maji yatashuka yalowe kila kitu na hutamjua mkosaji. Mimi hubandika vipande vya karatasi ya chooni kwa tepu chini ya raba kwa ndani; karatasi inaonyesha unyevu mapema kuliko macho. Na usiliamini tone unaloliona. Tone linaloning'inia pembe ya kushoto chini laweza kuwa limeingilia pembe ya kulia juu, limetembea ndani ya raba nusu ya dirisha.

Pale vioo viwili vya katikati vinapokutana, kipimo ni karatasi. Funga dirisha juu ya kipande cha karatasi ya daftari, kisha ivute. Ikitoka kwa kukataakataa, raba nzima. Ikiteleza kama haijashikwa na kitu, raba imekwisha, au kitasa kimelegea na hakivuti vioo vikutane. Kitasa ndicho watu wanachokisahau. Kaza kitasa kwanza ndipo ununue raba. Pembe za fremu ya alumini, mahali vipande vinapoungwa kwa skrubu, zinataka gundi nyepesi ile inayojipenyeza yenyewe, tone moja moja, basi.

Kubwa ni raba inayoshika fremu nzima kwenye bodi. Miaka inapokwenda hukakamaa na kusinyaa. Katikati huwezi kuona kitu, nenda kwenye pembe: utaona imejivuta, imeacha upenyo ambao kucha ya kidole kidogo inaingia. Ukiuona upenyo huo usipake kitu. Nunua raba mpya.

Raba kuukuu usiisikitikie. Kata mdomo wake wa nje kwa kisu kikali kuzunguka, kisha mmoja asukume kutoka ndani kwa viganja, juu kwenye pembe, mwingine apokee nje. Dirisha likishatoka ndipo gari la zamani linasema ukweli wake: mdomo wa bati uliokuwa umejificha ndani ya raba. Kutu ya juujuu isugue kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae, paka praima, paka rangi, uache ikauke sawasawa. Mimi hulala nayo usiku mmoja na kutwa nzima ya kesho yake hata kama mteja ananuna. Bati likiwa limetoboka, linataka kuchomelewa kipande. Puti haishiki raba, ikipata mtikisiko inamung'unyika na maji yanarudi kwa njia mpya.

Kulirudisha ndiyo sehemu ninayoipenda. Raba mpya ivalishe kwenye fremu kwanza. Chukua kamba laini ya nailoni ya milimita 4 au 5, ipitishe ndani ya mfereji wa raba utakaokaa kwenye bati, izunguke dirisha zima, ncha zake zipishane chini katikati na zibaki zimening'inia kama sentimita 30 kila upande. Paka maji ya sabuni kwenye mfereji na kwenye bati, mengi, usifanye ubahili. Mtu wa nje analiweka dirisha mahali pake na kulikandamiza kwa kiganja. Wewe uko ndani, umeshika ncha moja ya kamba, unaivuta taratibu kuelekea katikati ya dirisha. Kamba inapotoka inauinua mdomo wa raba na kuupindulia upande wa pili wa bati, sentimita kwa sentimita, kama mtu anayevaa soksi iliyomkaza. Mwenzako afuate kwa nje na kiganja chake pale pale kamba ilipo, asitangulie wala asibaki nyuma. Chini, pembe, ubavu, pembe, juu. Ukiona inagoma usiikwanyue. Rudisha nyuma, ongeza sabuni. Mara ya kwanza kulifunga peke yangu lilinichukua asubuhi nzima na lilikaa kombo. Na msaidizi mwenye subira ni kazi ya nusu saa.

Likishakaa, rudia mpira wa maji kuanzia chini. Ukipata unyevu, hapo ndipo mastiki isiyokauka, ile dawa laini ya kuzibia, ina kazi: mstari mwembamba chini ya mdomo wa nje wa raba, kati ya raba na bodi. Vitundu viache wazi. Nikikuta umeviziba tena nitaitoa barua yako gazetini na picha yako.

SWALI: Habari za kazi, kaka Fundi. Mimi ni dereva, nina lori la zamani la tani tatu. Madirisha ya milango ni ya kuslaidi, vioo viwili vinapishana kila mlango. Vyote vinasogea kwa shida na kimoja hakisogei kabisa, lakini lori likitembea vinagonga kama meno ya mtu mwenye homa. Kwenye reli ya chini kumeota kitu cha kijani. Maji yananidondokea kwenye paja. Wananiambia nipake grisi.
Dada wa Usukani

JIBU: Nzuri, dada. Grisi usipake. Grisi ikikutana na vumbi inakuwa dawa ya kusagia, na kinachosagwa ni kioo chako.

Hicho cha kijani ni ukoga, nao hauoti mahali pakavu. Umekupimia: maji yanakaa kwenye reli siku nyingi hata baada ya mvua kukatika. Reli za zamani zimetengenezwa kwa ukanda wa bati uliokunjwa, ndani umebandikwa kitambaa chenye manyoya. Kitambaa kile kikishalowa ni sponji. Bati linashika kutu kwa ndani, kutu inavimba, inakibana kioo mpaka kinagoma. Mbele kidogo kwenye reli hiyohiyo, kitambaa kimeliwa chote, kioo kinacheza. Ndiyo maana dirisha lako linakwama na kugonga kwa wakati mmoja. Hakuna cha kufufua hapo, reli zote zinabadilishwa, za juu, za chini na za wima.

Kioo kilichokwama usikichokonoe kwa bisibisi. Nimeshaeleza juu kioo cha namna hii kinavyolipiza. Mimina maji ya vuguvugu yenye sabuni kwenye reli jioni, yarudie asubuhi, kisha pitisha plastiki nyembamba kati ya kioo na kitambaa urefu wote ndipo ukisukume kwa viganja viwili, kimoja karibu na kingine, chini ya kioo na si juu. Vaa glavu na miwani. Skrubu za reli zitakuwa zimeota kutu; zipe mafuta ya kulainisha kutu usiku kucha, na ile itakayokatika kichwa ichimbe kwa drili baada ya vioo vyote kuwa vimelazwa mbali juu ya blanketi.

Kabla ya kununua, pima kwa kalipa vitu vitatu: unene wa kioo (mara nyingi ni milimita 4 au 5), upana wa nje wa reli, na kimo chake. Beba na kipande cha reli ya zamani chenye urefu wa kiganja, kile ambacho hakijavimba. Kama unapata reli ya raba au plastiki yenye manyoya ndani badala ya ile ya bati na kitambaa, chukua hiyo, haina bati la kuota kutu. Ikate ndefu kwa milimita 2 au 3 kuliko nafasi yake, uisukumie ikae kwa kujibana. Raba husinyaa, na ukiikata sawasawa na leo, mwakani itakuwa fupi pembeni.

Halafu jambo ambalo limewashinda mafundi wengi, na lilinishinda mimi mara mbili. Reli mpya inakuja bila vitundu! Unaitoa dukani nzima, unaigandisha kwenye mlango, nayo inafunika vitundu vya mlango vilivyokuwa kazini miaka thelathini. Umelipa pesa kujizibia mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujaigandisha, iweke mahali pake, weka alama kwa kalamu ya rangi kupitia tundu la mlango kutokea nje, itoe, itoboe pale penye alama kwa ncha ya milimita 4 au 5, kata na manyoya yanayoning'inia kwenye tundu. Tazama pia lori linavyoegeshwa. Kama mahali pake pa kulala pameinama mbele, tundu la mbele ndilo litakalofanya kazi yote, hilo lisikose.

Rudisha kioo cha ndani, kisha cha nje, mimina kikombe. Mwisho pulizia reli silikoni ya kopo, ile ya kupuliza inayokauka. Ndugu yangu wa juu asije akasema nimejipinga: ile ya mrija inaganda na kuziba, hii inateleza tu. Jina moja, tabia mbili. Pulizia kidogo, telezesha kioo mara kumi, futa.

SWALI: Kijana, mimi nimeendesha malori tangu kabla hujazaliwa. Raba za madirisha tulikuwa tunazipaka oili chafu ya injini, zinalainika na kung'aa. Mbona siku hizi mnawafundisha watu kununua vitu?
Dereva Mstaafu

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kuhusu kung'aa, nakubali, inang'aa. Na kulainika inalainika, maana oili inaingia ndani ya raba na kuivimbisha. Raba nyingi za madirisha hutengenezwa kwa mpira uitwao EPDM. Huo unavumilia jua na maji miaka mingi, lakini mafuta yatokanayo na petroliamu, kama oili ya injini, hauyawezi. Mwezi wa kwanza utaiona imenona, baadaye imelegea, imetanuka, haibani tena kioo. Mzee, huenda raba zenu za wakati ule zilikuwa za mpira mwingine, lakini hizi tunazozikuta leo zikipakwa oili zinakuwa kama kiatu cha kuazima.

Cha kupaka kipo na hakina gharama kubwa: osha raba kwa sabuni, ikauke, kisha gliserini kidogo kwa kitambaa. Itarudisha ulaini wa juu na kuzuia kioo kushikamana na raba. Raba iliyokwisha kupasuka haiifufui. Ikunje kwa vidole viwili. Ukiona nyufa ndogondogo zimejipanga mgongoni mwa kunjo kama mistari ya kiganja, hewa na jua vimeshamaliza nayo.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nimeazima pikapu ya baba, nikaona nimtengenezee dirisha la nyuma kabla hajajua kwamba linavuja zaidi tangu nianze kuiendesha. Raba mpya, reli mpya, vitundu safi, maji yanatoka nje mara moja ukimimina. Mvua ikinyesha pembe ya juu ya dirisha kwa ndani bado inalowa. Nimekwama.
Mtoto wa Mwenye Gari

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, na kosa si la dirisha.

Maji yakiingia paani hupita juu ya kitambaa cha dari, yanatelemka na mteremko mpaka pembe ya dirisha, ndipo yanapoonekana. Dirisha linasingiziwa kwa sababu ndilo lililoko karibu. Kagua mfereji wa pembeni mwa paa, ule ambao paa na ubavu wa kabini vinaungana. Kwenye magari ya umri huo mastiki ya kiwandani iliyomo humo hukauka na kupasuka chini ya rangi, ufa mwembamba kama nywele. Kagua mguu wa antena. Na kama juu ya kabini kuna taa ndogo za paa, fungua moja uangalie raba iliyo chini yake. Nimezitoa nyingi zikiwa ngumu kama kigae.

Ukitaka kuliona tundu kwa macho, lipige pumzi gari. Funga madirisha na milango, washa feni ya kabini kwa kasi ya mwisho, kitufe kiwe kwenye kuvuta hewa ya nje, si kuzungusha ya ndani. Yale matundu ya kabini ya kutolea hewa yafunike kwa tepu. Sasa kabini imevimba kidogo. Pulizia maji ya sabuni kwa nje, kwenye mfereji wa paa, taa, antena na pembe za dirisha, ukipita polepole. Penye upenyo povu litachemka. Ni tundu dogo tu na povu linakuja kama mdomo wa samaki. Weka alama, kausha, kwangua mastiki iliyopasuka mpaka kwenye kigumu, praima, mastiki mpya ya mshono wa bodi, ile inayokubali rangi.

Halafu mwambie baba. Atanusa zulia.

SWALI: Fundi, kioo kimoja cha kuslaidi cha lori langu kimevunjika. Nina kioo cha gari jingine, kimezidi sentimita mbili tu. Fundi wa madirisha ya nyumba amesema atanikatia. Au niweke plastiki ngumu?
Sentimita Mbili

JIBU: Huyo fundi akikigusa na kalamu yake ya kukatia, nyote wawili mtafagia. Kioo kilichokwisha kupikwa kuwa kigumu hakikatwi wala hakitobolewi tena; hukatwa kwanza, kikasawazishwa kingo na kutobolewa kama kuna kitasa, ndipo kikapikwa. Tafuta wanaotengeneza kwa kipimo, uwapelekee kiolezo cha mbao nyembamba au kadibodi ngumu ulichokijaribu ndani ya reli, si namba ulizoandika kwenye karatasi. Uliza na unene, ulingane na reli zako.

Plastiki ni ya kukufikisha. Ile ya polikaboneti haivunjiki kirahisi lakini manyoya ya reli yenye vumbi yataichora mistari, na usiku taa za anayekuja zitatawanyika humo usione kitu. Ukiiweka kwa muda, acha pengo la milimita 2 au 3 kila upande kwenye reli, maana jua likiwaka inatanuka kuliko kioo, ikikosa nafasi inajikunja na kuachia maji mlango mpana kuliko ule wa mwanzo.